Albamu nne za miaka ya 80, na kwa nini uzisikilize pande zote mbili

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Hiyo sauti mnayoisikia nyuma yangu ni mvua kwenye mabati, mnivumilie. Wengi mmeniomba nizungumzie albamu za roki na pop za miaka ya 80 ninazozipenda. Nimeleta nne mezani, na kipimo changu ni kimoja: ukiiweka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, inakushika?

Nauliza hivyo kwa sababu sisi tuliokulia Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hatukuzipata albamu hizi zikiwa nzima. Tulizipata vipande vipande: wimbo mmoja redioni enzi za VoK (Sauti ya Kenya, redio ya taifa), mwingine kwenye matatu, na zilizobaki kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Aliyenakili ndiye aliyeamua usikie nini.

Nianze na hii hapa. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Albamu ya Tracy Chapman yenye jina lake, mwaka 1988, uso wake umeinama, jalada lina rangi ya udongo. Kaseti yangu ya kwanza ya albamu hii niliuziwa na jamaa aliyekuwa akirekodi mtaani kwetu. Niliicheza mpaka utepe ukalegea, nikawa naukaza kwa kalamu ya Bic. Ilipita miaka mingi kabla sijaipata santuri yenyewe. Nikaweka sindano, "Fast Car" ikapita, "Across the Lines" ikapita, kisha ala zote zikanyamaza. Hakuna gitaa, hakuna ngoma. Sauti ya mwanamke peke yake, anaimba juu ya jirani anayepigwa usiku ng'ambo ya ukuta, na polisi ambao hata wakija huwa wamechelewa. Wimbo unaitwa "Behind the Wall" na haufiki dakika mbili. Kwenye kaseti yangu haukuwepo! Nafikiri yule jamaa aliona wimbo usio na ala unamlia utepe bure.

Mimi nimelelewa kwenye nyumba za kupanga, zile ambazo jirani akikohoa unamsikia. Usiku wa namna ile ninaujua. Sasa sikilizeni kinachofuata kwenye santuri: "Baby Can I Hold You", wimbo ambao tuliusikia miaka yote kama wimbo wa wapendanao. Ukiusikia pale ulipowekwa, mara tu baada ya ule wa ukuta, yale maneno ya kuomba msamaha ambayo mtu anashindwa kuyatamka yanakuwa na uzito mwingine kabisa. Mpangilio wa nyimbo ndio uliofanya kazi hiyo, na kaseti yangu ilikuwa imeninyima.

Tarehe 11 Juni mwaka huohuo wa 1988, kwenye uwanja wa Wembley, London, kulikuwa na tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, yeye mwenyewe akiwa bado kifungoni. Chapman alikuwa ameshaimba. Stevie Wonder akashindwa kupanda jukwaani kwa sababu kifaa cha kinanda chake hakikuonekana, wakamrudisha Chapman na gitaa lake tu. Watu wengi duniani walimjua siku ile.

Ya pili ni Graceland ya Paul Simon, 1986. Hapa lazima niseme ukweli wote. Simon alikwenda Johannesburg kurekodi mwaka 1985, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa wito wa kuisusia serikali ya ubaguzi hata katika sanaa. Waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nikiweka santuri hii nawasikia watu wa kule: Ray Phiri kwenye gitaa, Bakithi Kumalo kwenye besi, Joseph Shabalala na Ladysmith Black Mambazo wakiimba "Homeless" kwa Kizulu na Kiingereza, sauti tupu. Kama umelelewa na benga, ule muziki wetu wa gitaa wa Kenya, gitaa la Phiri utalitambua upesi. Halisindikizi tu, linamjibu mwimbaji, kama watu wawili wanaopiga soga.

Kuna mahali kwenye "You Can Call Me Al" ambapo besi inabaki peke yake kwa sekunde chache. Rudia hapo mara tatu. Nusu ya kwanza Kumalo aliipiga mwenyewe. Nusu ya pili ni ileile, utepe umegeuzwa ukacheza kinyumenyume. Nyimbo mbili za mwisho, zilizopigwa na bendi za Marekani, kwangu zinapunguza moto. Tisa za mwanzo sizigusi.

Thriller ya Michael Jackson, 1982, mnaijua, sitakaa sana. Nyimbo tisa, Quincy Jones mtayarishaji. Wimbo wa kwanza mwishoni una kibwagizo kilichotoka kwa Manu Dibango wa Kamerun, kwenye "Soul Makossa" yake ya 1972, na Dibango ilimbidi adai haki yake. Wimbo wa Jackson na Paul McCartney ndio pekee ninaouona mwepesi.

Ya mwisho ni Brothers in Arms ya bendi ya Dire Straits, 1985, na hapa nawaomba mnaonunua mnisikilize vizuri. Albamu hii ilitengenezwa wakati CD zinaingia sokoni, na nyimbo zake ni ndefu kuliko nafasi ya santuri moja. Kwa hiyo santuri ya mwaka ule imekatwa. "Why Worry", wimbo mtulivu kuliko zote, kwenye CD unapita dakika nane. Kwenye santuri ya zamani ile sehemu ndefu ya gitaa mwishoni imepunguzwa sana. Tafuta CD, au toleo jipya la santuri mbili.

Ukienda Kenyatta Market, Nairobi, kutafuta santuri, usitazame jalada tu. Itoe, iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo, kisha mwombe muuzaji akuchezee. Na ukichukua ile ya Tracy Chapman, mwambie aweke sindano kwenye wimbo wa nne wa upande wa kwanza. Pale hakuna ala ya kuficha mkwaruzo, kila kovu litasikika.