The Dark Knight kwenye 4K: diski inayojua kuonyesha giza

Habari zenu wapenzi wa filamu, karibuni tena. Hili kasha jeusi mnaloliona mkononi ni The Dark Knight, filamu ya Batman ya mkurugenzi Christopher Nolan, diski ya 4K (picha yenye nukta mara nne ya HD ya kawaida) iliyotoka Desemba 2017. Na hili la bluu hapa pembeni ni ile Blu-ray ya kwanza, ya Desemba 2008. Nimezitazama zote mbili kwenye luninga moja na spika zilezile, kwa hiyo leo nazilinganisha kwa macho na masikio yangu mwenyewe.

Mwenye haraka aondoke na jibu hili: kama una luninga ya 4K yenye weusi mzuri, nunua hii ya kasha jeusi, usisite. Kama luninga yako ni ya HD ya kawaida, Blu-ray inakutosha kabisa, na hela inayobaki iweke kwenye spika. Wengine tukae, maana kuna mengi ya kuonyeshana.

Filamu hii ina giza jamani. Achana na giza la hadithi, naongelea picha yenyewe. Steringi amevaa nyeusi, anatoka usiku, anapenda kusimama pale taa isipofika. Mpiga picha wake, Wally Pfister, anaacha nusu ya uso wa mtu izame kivulini, na anafanya hivyo kwa makusudi. Sasa fikiria zile kopi ambazo wengi wetu tuliionea kwanza, za kuburn, au faili lililobanwa mpaka likaenea kwenye flashi. Video ikibanwa sana, kitu kinachotupwa mapema ni tofauti ndogondogo kati ya weusi na weusi. Unabaki na vimraba vinavyotetemeka ukutani, na Batman amekuwa doa. Mtu anamaliza filamu anasema "mbona ilikuwa giza tu?" Anamlaumu Pfister wakati kosa ni la kopi.

Hata ukiitazama kwa intaneti kwa njia halali, video ya 4K kwa kawaida inapita kwa megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde. Diski ya 4K inaweza kuvuka 100. Kwenye filamu ya mchana yenye jua tofauti hiyo huenda usiione sana. Kwenye hii utaiona kabla robo saa haijaisha.

Twende chumba cha mahojiano polisi, nasimamisha hapa. Mwanzoni kuna taa ya mezani tu, na Joker, adui wa Batman, amekaa akiwa na uso uliomulikwa nusu. Angalia paji la uso. Ile rangi nyeupe imepasuka kwenye mikunjo ya ngozi. Wapambaji walimfanya Heath Ledger, aliyeigiza Joker, akunje uso wakati wanampaka, ili akiulegeza rangi iachie nyufa. Kwenye diski ya 2008 nyufa hizo zipo, lakini zinaungana na kivuli. Kwenye 4K naufuata ufa mmoja kutoka kwenye nyusi mpaka unapoingia kwenye nywele, na nywele zenyewe zina ukijani mchafu, hazijawa tope jeusi. Sasa naachia. Gordon, yule mkubwa wa polisi, anatoka, taa za chumba zinawaka ghafla, na Batman yuko nyuma ya Joker. Hapo ndipo HDR, ule uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza lenye kina kwa pamoja, inafanya kazi yake: ule mwanga unakupiga machoni kweli, unashtuka pamoja na Joker, kwa sababu ulikuwa umeshazoea giza lenye kina. Ledger alifariki Januari 2008, miezi sita kabla filamu haijatoka, na Oscar yake ikatolewa Februari mwaka uliofuata bila yeye kuwepo. Kazi kama hiyo inastahili kuonwa yote, mpaka ule ufa.

Sasa IMAX, ule mfumo wa kupiga filamu kwa fremu kubwa mno, na hapa nitakaa kidogo. Karibu nusu saa ya filamu hii ilipigwa kwa kamera za IMAX zenye filamu ya milimita 65, na hii ndiyo iliyokuwa filamu kubwa ya kwanza ya kubuni kufanya hivyo kwa baadhi ya sehemu zake. Fremu moja ya IMAX ina eneo karibu mara tisa ya fremu ya kawaida ya milimita 35. Kamera zenyewe ni nzito na zina kelele, ndiyo maana sehemu nyingi za mazungumzo zilipigwa kwa milimita 35. Kwa hiyo nyumbani utaona picha inabadilika umbo: mara mistari myeusi juu na chini, mara picha inajaa kioo kizima. Wengine watadhani luninga imeharibika. Haijaharibika, mkurugenzi ndivyo alivyotaka, na diski zote mbili zinafuata hivyo. Ile DVD ya kawaida ilibaki na mistari mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana waliozoea DVD wanashangaa.

Ule wizi wa benki wa mwanzo wote ni IMAX. Kamera inasogea taratibu kuelekea jengo la vioo, kioo kimoja kinapasuka, wanaume wenye vinyago vya wachekeshaji wa sarakasi wanarusha kamba kwenda jengo la pili. Ni Chicago ya kweli hiyo, mchana kweupe. Kwenye 4K naona madirisha ya jengo la mbali moja moja, naona watu na magari chini kabisa barabarani wakati jambazi mmoja anateleza na kamba. Halafu Joker anavua kinyago mbele ya meneja wa benki, na uso unajaa kioo. Sijaona picha nyingi za diski zinazofikia hapo.

Na zile picha za angani usiku! Mji mzima unawaka, na kati ya taa na taa kuna weusi safi. Kule Hong Kong, Batman amesimama ukingoni mwa ghorofa refu, joho linapepea. Hapa ndipo naiona kazi ya vazi lenyewe: vipande vigumu vimekaa juu ya kitambaa chenye wavu, na wavu unaonekana pale kwenye maungio ya bega.

Kasoro zipo, tena ya kwanza ni ya ile ya 2008. Waliinoa picha kupita kiasi. Kwenye sehemu za milimita 35, mtu akisimama mbele ya ukuta wenye mwanga, unaona ukingo mweupe mwembamba umemzunguka bega na kichwa. Ukishauona mara moja hutaacha kuuona. Kwenye 4K ule ukingo umeondoka, chembechembe za filamu zimerudi, na sura zinaonekana za watu. Ila msitegemee sehemu hizo za milimita 35 ziwe kali kama IMAX. Ni laini zaidi, na mruko kutoka IMAX kwenda huko unauhisi, hasa ukiwa na kioo kikubwa.

Sauti ni DTS-HD Master Audio ya chaneli 5.1, yaani spika tano na moja ya besi. Dolby Atmos (sauti inayotoka hata juu ya kichwa) hakuna, Dolby Vision (aina ya HDR ya hali ya juu zaidi) hakuna. Binafsi sikuikosa hiyo Atmos. Sikilizeni ile mbio ya malori kwenye barabara ya chini, muziki umezimwa kwa sehemu kubwa, ni injini, matairi na vyuma tu. Halafu Batpod inatoka, ile pikipiki, na mlio wake unapanda na kupanda kana kwamba hauna mwisho. Ni mbinu ya sauti zilizopangwa juu ya nyingine ili sikio liamini mlio unapanda daima, kazi ya Richard King, aliyepata Oscar ya uhariri wa sauti kwa filamu hii. Na Joker anapokaribia, unasikia noti ya selo, ile fidla kubwa, inavutwa taratibu mpaka inakera. Kwa spika za luninga peke yake noti hiyo inapotea. Hata spika mbili za wastani zitakurudishia sehemu kubwa.

Nyongeza sitazichambua sana. Kuna makala fupi za kamera za IMAX, za Batpod na za muziki wa Joker, na vipindi sita vya habari za kubuni za mji wa Gotham. Maelezo ya mkurugenzi juu ya filamu hayamo. Manukuu ya Kiswahili nayo hayamo, na hilo linaniuma, maana maneno ya Joker yanakimbia na yana uzito.

Kuhusu mashine, sikilizeni vizuri kabla hamjatoa hela. PlayStation 4 haichezi diski ya 4K, hata ile Pro. Inacheza Blu-ray tu. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inacheza, na Xbox One S, One X na Series X pia. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, yaani kufungwa zicheze kwenye mashine za eneo fulani la dunia tu, kwa hiyo ukitumiwa na ndugu kutoka Marekani au Uingereza itacheza. Blu-ray za kawaida ndizo zinaweza kufungwa kwa kanda, na sisi Afrika tuko kanda B.

Ukishaiweka, nenda kwenye mipangilio ya luninga kwanza. Toa ile modi ya rangi kali ya dukani, weka modi ya sinema. Zima ulainishaji wa mwendo, ule unaofanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. Usipandishe mwanga wa weusi ukidhani unaisaidia picha, utaugeuza weusi kuwa kijivu na HDR yote umeiua. Badala yake zima taa ya sebuleni, funga pazia.

Na wenye watoto: Marekani iliruhusiwa kwa PG-13 (wazazi wanaonywa kuhusu walio chini ya miaka 13), Uingereza kwa 12A (chini ya miaka 12 lazima awe na mtu mzima), na kule wazazi wengi walilalamika kwa bodi ya uainishaji kwamba ni kali mno. Nakubaliana nao. Damu si nyingi, lakini kisu mdomoni mwa mtu ni kisu mdomoni mwa mtu. Wadogo walale kwanza.

Niandikieni hapo chini aina ya luninga yako na mashine unayotumia, nitawajibu mmoja mmoja kuhusu mipangilio.