Insulini imefika ya moto, wakala ananikatia simu

Kama mna mgonjwa wa insulini nyumbani, someni hii kabla hamjatuma hela kwa famasi ya mtandaoni ya India niliyoagiza mimi. Bei mtaziona wenyewe kwenye tovuti yao.

Mama ana kisukari cha miaka mingi, anatumia insulini aina ya glargini, ya kalamu, anachoma mara moja usiku. Famasi za karibu ziliishiwa, za Kariakoo kila ukienda "njoo wiki ijayo", basi nikaagiza kwenye hiyo famasi ya India. Cheti cha daktari walikidai, kwa hilo nawapa haki yao. Mzigo wa kwanza ulifika vizuri kabisa, pakiti za jeli za kupozea bado zimeganda, nikawasifia kwa ndugu zangu wote.

Mzigo wa pili umekuja mwanzoni mwa mwaka, lile joto la Dar ambalo hata feni inapuliza moto. Bodaboda kaleta boksi Tabata mchana, amelifunga nyuma ya pikipiki, jua linalipiga. Nikalifungua palepale mlangoni. Jeli yote imekuwa uji, ya vuguvugu, kikaratasi cha maelezo kimelowa kinachanika ukikigusa. Kalamu zenyewe zina joto!

Anayemtunza mgonjwa wa sukari anajua: insulini ambayo haijaanza kutumika inakaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kalamu ya glargini ikishaanza kutumika ndiyo inakaa nje ya friji, mwisho siku 28, na isizidi nyuzi 30. Ubaya wake, ikiharibika unaweza usione kitu. Maji ni yaleyale, hayana rangi, unamchoma mama, sukari inapanda, na wewe unamgombeza kwamba kala wali mwingi.

Nikampigia wakala wao wa hapa Dar. Jibu lake: "Dada, mbona unakuza mambo? Hiyo dawa, siyo aiskrimu. Weka kwenye friji itarudi kawaida."

Itarudi kawaida! Insulini ni protini, joto likishaiharibu hakuna friji ya kuirudishia nguvu. Nikamuuliza mzigo ulilala wapi. Eti uwanja wa ndege, ukaguzi ulichelewa. Sasa nani hajui kwamba dawa inayoingia nchini inapita kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na forodha? Na wakague, ndiyo kinga yetu dhidi ya dawa bandia. Wewe ndiye unayefanya hii biashara, funga barafu ya kutosha kwa ucheleweshaji unaoujua! Nikamwambia anayechomwa hiyo dawa ni mama yangu mzazi. Akakata simu. Katikati ya sentensi.

Nilitaka niandike kwamba huduma si mbaya, wambadilishe wakala tu, na kwa wanaotumia vidonge pengine wanafaa. Hapana, nafuta. Mtu anayekwambia umchome mzazi wako insulini iliyopikwa na jua, vidonge vyake vya presha utamwachiaje avihifadhi? Msiagize kwao chochote.

Mfamasia wa mtaani kwetu aliziona zile kalamu akasema asichomwe hata moja, akampigia daktari wa mama mbele yangu, wakapanga cha kumpa kwa sasa. Hakunidai hata mia. Wale wengine hela yangu hawajarudisha. Kila nikiuliza natumiwa ujumbe uleule, "suala lako linashughulikiwa", na wakala namba yangu hapokei tena.