Kliniki ya fiziotherapia Nyegezi, baada ya upasuaji wa goti

Ni miezi 6 tangu nifanyiwe upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti (utepe imara unaoshikanisha mfupa na mfupa), ambapo daktari alichukua kano kutoka nyuma ya paja langu na kuipitisha kwenye matundu yaliyotobolewa katika mfupa wa paja na wa muundi, na kliniki ninayohudhuria Nyegezi naisifu kwa dhati. Mtaalamu wake, dada mpole asiyekubali uvivu, huweka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino changu na kusubiri mpaka goti linyooke kabisa. Ndiye aliyenieleza kwamba kano hiyo huchukua miezi mingi kugeuka ligamenti, hivyo mpira nisiuguse kabla ya miezi 9, hata maumivu yakiisha. Foleni ya Jumatatu, hata hivyo, ni ndefu mno kwa mtu anayetembelea magongo.