Programu ya SDS iliyotugomea mwenzetu karukiwa na kemikali jichoni

Hii programu ya kutunzia SDS, yaani karatasi za maelezo ya usalama wa kila kemikali, tunaitumia kazini muda sasa na siku za kawaida sina neno nayo, unaandika jina la kemikali inakuletea, lebo unaprinti zikiwa na zile alama zake zenye fremu nyekundu, safi kabisa. Sasa juzi kati mwenzetu akarukiwa jichoni na dawa ya kuzibulia mabomba, ile yenye kostiki soda. Wenzangu wakamkimbiza kwenye maji, mimi nikashika simu nifungue sehemu ya 4, huduma ya kwanza, na anayempeleka hospitali aende nayo. Programu inaniambia paswedi yako imeisha muda, weka mpya, namba za kuhakiki tumekutumia kwa imeili. Imeili jamani! Mtu anapiga kelele jicho linaungua halafu mimi nimesimama nasubiri imeili. Zikaja, nikaingia, ikaanza kuzunguka tu maana huku stoo mtandao unasumbua na hiyo programu haihifadhi hata karatasi moja kwenye simu.

Kilichotusaidia ni maandishi ya nyuma ya chupa: maji mengi mfululizo, lensi kama anazo zitolewe. Tukampiga maji zaidi ya dakika 15 ndo akapelekwa. Kostiki haigandi juu juu, inazama inaendelea kula ndani, sasa hapo paswedi ya nini?

Nikawapigia. Aliyepokea ananiuliza kama nimejaribu kuzima simu na kuwasha, eti paswedi kuisha muda ni kwa usalama wetu. Usalama gani? SDS sio siri ya mtu, imewekwa ili mfanyakazi aisome muda wowote akiwa zamu, Marekani kanuni za OSHA, wakala wao wa usalama kazini, zinaruhusu kuziweka kwenye kompyuta ila kwa sharti kwamba kusiwe na kizuizi chochote cha kuzipata hapo hapo. Nikamwambia hivyo, akanijibu nitume maombi kwa maandishi, simu akakata.

Nilikuja hapa kuwapa nyota tatu, kwa zile lebo kweli wanastahili, ila kadiri ninavyoandika naona hapana, moja inawatosha. Mwenzetu anaona, Mungu mkubwa. Sisi SDS zote tumeshaprinti, faili lipo pale pale pa kuoshea macho. Nyie wenye programu toeni paswedi kwenye sehemu ya 4 na ifunguke hata bila mtandao, mkifanya hivyo nyota nitaziongeza.