Changarawe na kokoto ni vitu viwili: uzoefu wangu na njia niliyoinunua

Nilisema nitasubiri hasira ipoe ndipo niandike. Wiki tatu zimepita, labda nne, na haijapoa. Kila nikiliona lile tairi la nyuma limeegemea ukuta, na mpasuko ubavuni mwake unaoingia kidole gumba, naisikia upya ile sauti ya kwenye simu, ya mtu wa huduma iliyoniuzia njia ya kuendesha baiskeli: "Ndugu, changarawe ni changarawe."

Hapana. Changarawe ni vijiwe vidogo, vingi vikiwa vimelainishwa na maji, ambavyo gurudumu likivipitia vinasogea na kuliachia njia. Kokoto ni jiwe lililopondwa. Lina kona, lina makali, na likimwagwa jipya barabarani halisogei kwa ajili ya mtu. Kiswahili kimetuwekea maneno mawili, na anayeuza njia za baiskeli kwa Kiswahili hana udhuru wa kuyachanganya.

Huduma yenyewe ni hivi: unalipa, unapakua faili la njia, unalitia kwenye kifaa chako cha usukani, unalifuata. Yangu ilikuwa njia ya siku nzima, vilima, mabonde matatu ya mito, kisha msitu. Maelezo yake yalisema "changarawe nzuri mwanzo hadi mwisho". Kwa maneno hayo matano nilichagua matairi ya milimita 40 yenye ubavu mwepesi, nikapunguza upepo ili yashike vizuri, na nikamshawishi mwenzangu, ambaye hapendi kuamka alfajiri, aamke alfajiri.

Na lazima niseme ukweli, kwa sababu nisipousema nitakuwa nimedhulumu: nusu ya kwanza ilikuwa safari bora kuliko zote nilizowahi kuendesha. Tulipanda mgongo wa kilima gizani, taa mbele, na kulipopambazuka ukungu ulikuwa umejaa bonde zima kama maziwa ndani ya bakuli, vilele tu vikichomoza. Barabara ilikuwa imeshindiliwa, kavu, na juu yake tabaka jembamba la vijiwe vinavyolia chini ya matairi. Mteremko wa kwanza ulituingiza ndani ya ule ukungu na baridi ikatupiga usoni. Mto tuliusikia dakika nyingi kabla ya kuuona. Njia iliufuata ukingoni, ikavuka daraja dogo la mbao, ikapanda upande wa pili kwa kona ndefu zilizopangwa na mtu aliyejua kuwa miguu inahitaji pumzi. Mwenzangu alisimama juu pale, hakusema neno, akageuka tu kutazama tulikotoka. Nilikuwa nimepanga kutoa nyota moja. Kwa asubuhi ile ni haki kutoa tatu, pengine nne.

Bonde la pili nalo zuri. Sina la kuongeza.

Bonde la tatu ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mchoro wa miinuko uliokuja na faili ulionyesha mpando wa asilimia 9. Kifaa changu, kinachopima kimo kwa mgandamizo wa hewa, kilisoma 17, na tulishuka tukasukuma. Tofauti hiyo ina sababu inayojulikana. Michoro mingi ya aina hii hutumia vipimo vya kimo vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ambapo nukta moja na nyingine zimeachana mita 30 hivi, na mahali pengine 90. Bonde jembamba hupotea katikati ya nukta hizo, na penye msitu mnene rada husoma miti badala ya ardhi. Anayeijua kazi hii hulisema jambo hilo mapema, kwa sentensi moja tu.

Lakini mpando ningeusamehe. Kusukuma baiskeli hakumdhuru mtu.

Msituni tuliingia mchana. Mita mia chache za kwanza zilikuwa udongo na majani makavu, kivuli kizuri, harufu ya utomvu. Kisha tukapinda kona na barabara ikabadilika rangi. Kijivu. Kokoto mpya, nyingine kubwa kama ngumi, zilizomwagwa kwa ajili ya malori ya magogo na ambazo hazijashindiliwa na kitu chochote. Na ilikuwa mteremko. Nilifunga breki taratibu, nikarudisha uzito nyuma, nikachagua mstari uliotengenezwa na magurudumu ya lori. Haikusaidia. Nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, kisha dawa ya kuziba pancha iliyokuwa ndani ya tairi ikaanza kunirukia miguuni.

Dawa ile hufanya kazi yake vizuri kwa mwiba au msumari mdogo. Ubavu uliochanika sentimita mbili si kazi yake. Tulijaribu kuziba kwa uzi wa mpira, ukatoka. Tukatia tyubu ya akiba na kuweka kipande cha mfuko wa plastiki kilichokunjwa mara nne kati ya tyubu na mpasuko. Kilitubeba kilomita mbili, kisha tyubu ikachomoza nje kama puto na kupasuka. Zilibaki kilomita 11 kufika barabara kuu. Tulizitembea, juu ya kokoto zile zile, kwa viatu vya kuendeshea vyenye chuma kwenye soli. Mwenzangu alikataa kuniacha ingawa baiskeli yake ilikuwa nzima, naye alimaliza na lengelenge kila kisigino.

Simu ilipata mtandao juu ya kilima cha mwisho. Sikupiga kudai pesa. Nilipiga ili wabadilishe neno moja kwenye maelezo, mwingine asije akaumia. Mtu aliyepokea hakuuliza kama tuko salama. Nilimweleza aina ya mawe. Ndipo akasema lile la kwamba changarawe ni changarawe, na kabla sijajibu akaongeza: "Labda njia hii si ya kiwango chako."

Kiwango changu! Kule Kansas, Marekani, kuna mbio za baiskeli za Unbound Gravel, zilizoanza mwaka 2006, na vilima vyake vina mawe ya gumegume yanayokata matairi ya mabingwa. Hakuna anayewaambia mabingwa hao kwamba kiwango chao ni kidogo. Tofauti ni kwamba kule kila mtu anajua kinachomngoja, na anachagua tairi nene kwa hiari yake. Mimi nilinyimwa hiari hiyo.

Nilimuuliza swali moja tu: nani aliyeendesha njia hii kabla ya kuiuza? Akanyamaza. Kisha akasema njia "hutengenezwa na mfumo" kutokana na ramani. Hapo nilielewa. Kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, alama ya "gravel", kwa maelezo ya ramani yenyewe, ni ya mawe yaliyopondwa yenye makali kama yale ya tuta la reli. Changarawe laini ina alama yake, na barabara iliyoshindiliwa ina yake. Wachangiaji wengi huzichanganya. Mfumo wao umesoma alama hiyo, ukaitafsiri "changarawe", ukaongeza "nzuri", na hakuna binadamu aliyeenda kutazama. Wananiuzia neno "nzuri" ambalo hakuna aliyelishuhudia.

Kwa hiyo zile kona ndefu zilizonifurahisha asubuhi, nilizodhani zimechaguliwa na mtu mwenye huruma na miguu yangu, hazikuchaguliwa na yeyote. Hilo limeniuma kuliko tairi. Nazirudisha nyota hadi moja.

Ila Jumapili iliyopita tulirudi, sisi wawili, tukaendesha mabonde mawili ya kwanza, kisha tukageuza. Ukungu ulikuwepo. Mwenzangu aliamka mwenyewe, sikumwita. Siwezi kusema pesa yangu imepotea wakati asubuhi kama ile ninayo na nitaendelea kuwa nayo. Ukiinunua, kata faili baada ya bonde la pili. Ukitaka kuifuata yote, vaa tairi la milimita 50 lenye ubavu ulioimarishwa, beba kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia kwa ndani, na usishuke msituni kwa kasi.

Niliwaandikia pia, kwa adabu, nikaambatanisha picha tatu: mawe, tairi, na kiganja changu kando ya jiwe ili waone ukubwa. Nimeangalia asubuhi hii kabla ya kuandika. Bado pameandikwa "changarawe nzuri mwanzo hadi mwisho".