Kitufe kimeandikwa "Futa kontena", kikafuta simu nzima

Jina la programu silitaji kwa kuwa mkataba wetu nao bado upo. Ni zile programu za kontena la kazi: unaiweka kwenye simu ya mfanyakazi mwenyewe, inajitengea chumba chake chenye PIN yake na usimbaji wake, na barua pepe, kalenda, namba za wateja na mafaili ya ofisi vinakaa humo tu. Haidai seva ya pekee. Inajiunga na Exchange yenu (seva ya barua ya Microsoft) kwa ActiveSync, yaani itifaki ambayo simu hutumia kusawazisha barua na seva hiyo, kupitia mlango uleule wa mtandao wa 443 ambao tayari uko wazi, na sera zote zinatoka hukohuko kwenye seva ya barua. Kwa ofisi isiyo na fedha za mfumo kamili wa kusimamia simu, huo ni msaada mkubwa. Ningeipa nyota nne bila kusita, kama si kitufe kimoja.

Kwenye ukurasa wa msimamizi, mbele ya jina la kila mtumiaji, kuna kitufe cha "Futa kontena". Mwenzetu wa uhasibu alipoacha kazi, kikabonyezwa. Yeye alijua, na sisi tulijua, kwamba vya ofisi vitaondoka na vyake vitabaki. Simu ikazima, ikawaka ikiuliza lugha kama imetoka dukani. Picha za watoto zimekwenda. Mazungumzo ya WhatsApp ambayo hayakuwa na nakala, yamekwenda. Programu za benki, asajili upya moja moja. Simu ni yake, kainunua kwa mshahara wake.

Tulipowaandikia watengenezaji, jibu likawa bidhaa imefanya kazi kama ilivyokusudiwa, tusome mwongozo. Nilipopiga simu, mtaalamu wao alinikatisha kabla sijamaliza kumsomea kumbukumbu za seva, akasema mambo kama hayo huletwa na wasimamizi wasioijua ActiveSync. Haya, tuizungumze ActiveSync.

Exchange haijui kontena ni nini. Inachokijua ni kisanduku cha barua na orodha ya vifaa vilivyowahi kusawazisha nacho, kila kimoja na DeviceID yake, yaani namba ya utambulisho. Kontena likijiunga linaandikwa kama kifaa kimoja. Mtumiaji huyohuyo akiwa aliwahi kuiweka akaunti ya ofisi kwenye programu ya barua iliyokuja na simu, hiyo nayo inaandikwa kama kifaa cha pili, ingawa mkononi ana simu moja. Sasa amri ya kufuta ikilifikia kontena, linajifuta lenyewe na kuishia hapo, maana halina mamlaka nje ya chumba chake. Amri hiyohiyo ikiifikia programu ya barua ya simu, Android nyingi zinarudi kama mpya. Sababu ni kwamba siku akaunti ilipowekwa, mtumiaji aliletewa ukurasa wa msimamizi wa kifaa wenye mstari wa "Futa data yote", akakubali. Asipokubali barua hazishuki, kwa hiyo kila mtu hukubali. iPhone yenye akaunti ya Exchange kwenye programu yake ya barua nayo hufutika yote.

Kitufe cha hawa jamaa hakitumi amri kwa DeviceID ya kontena. Kinachukua vifaa vyote vya kisanduku kile na kukipelekea kila kimoja. Hili si la kukisia. Endesha Get-MobileDeviceStatistics, amri ya Exchange ya kuonyesha hali ya vifaa, kwa kisanduku husika uone: mistari miwili, DeviceWipeRequestTime (saa ufutaji ulipoagizwa) ya mstari mmoja na wa pili sawasawa, na DeviceWipeAckTime (saa kifaa kilipothibitisha kuipokea amri) ya programu ya barua ya simu imetangulia ile ya kontena. Seva ilifanya ilichoagizwa. Aliyeagiza ni kitufe.

Nakubali kuna hoja ya kuwatetea. Mtu anayeondoka akiwa na nakala ya barua za ofisi nje ya kontena ni hatari, na kuna ofisi zingependa zote ziondoke. Sawa. Basi kiandikweni "Futa vifaa vyote vya mtumiaji", mweke na orodha ya hivyo vifaa kabla mtu hajathibitisha. Kuandika "kontena" kisha kufuta picha za watoto wa mtu ni kumdanganya msimamizi na kumwumiza asiyehusika. Na inawezekana kulifanya vizuri: Outlook ya simu ikipokea amri ya kufuta kutoka Exchange, inaondoa data zake yenyewe tu na simu inabaki salama.

Mnaoitumia, au mnaofikiria kuinunua, fungeni kwanza ule mlango wa pili, yaani programu ya barua ya simu. Kwa Set-ActiveSyncOrganizationSettings, DefaultAccessLevel iwekwe Quarantine (karantini), ili kifaa chochote kigeni kisubiri ruhusa. Kabla ya hapo unganisha simu moja ya majaribio kwa kontena, soma kwa Get-MobileDevice kontena linajitambulisha kwa DeviceType au DeviceModel gani, kisha tengeneza kanuni ya kuliruhusu kwa New-ActiveSyncDeviceAccessRule. Nakili maandishi hayo herufi kwa herufi, maana nafasi moja ikizidi kanuni haishiki na kontena lenyewe litaishia karantini. Mkumbuke pia kwamba ruhusa aliyopewa mtu mmoja mmoja kupitia ActiveSyncAllowedDeviceIDs hutangulia kanuni hizi. Mkubwa aliyeruhusiwa zamani kutumia programu ya barua ya simu yake ataendelea kupita, na ndiye atakayepoteza simu nzima siku kile kitufe kikibonyezwa. Hao watafuteni mmoja mmoja.

Mtu akiondoka, msiguse kile kitufe. Tumieni Clear-MobileDevice mkitaja kifaa cha kontena peke yake. Akiwa na akaunti pia kwenye programu ya barua ya simu, kifaa hicho nacho kipelekeeni amri hiyo mkiongeza AccountOnly, inayoondoa akaunti na kuacha vingine. Hiyo inataka simu na seva zote ziwe zinazungumza ActiveSync 16.1. Simu ya zamani haiielewi, na hapo ni heri mtu aitwe aondoe akaunti mwenyewe mbele yenu kuliko kumfutia kila kitu.

Halafu kuna suala la mpangilio, ambalo utumishi hulikoroga kila mara. Wanataka akaunti ifungwe saa ileile barua ya kuacha kazi inaposainiwa. Akaunti ikifungwa au nywila ikibadilishwa, simu haiwezi kuingia kwenye seva, na isipoingia haiwezi kupokea amri ya kufuta. Amri inabaki inasubiri, na barua zilizokwisha kushuka zinabaki simuni. Tuma amri kwanza, zima OWA (barua kwenye kivinjari) na MAPI (Outlook ya kompyuta) kwa Set-CASMailbox lakini ActiveSync iache wazi, subiri mpaka DeviceWipeAckTime ijae, ndipo ufunge akaunti. Mwisho ondoa kifaa kwenye orodha kwa Remove-MobileDevice. Kikiachwa na simu ikarudi na DeviceID ileile, inaweza kufutwa tena.

Na ukikosea ukabonyeza? Exchange ina njia: Clear-MobileDevice yenye Cancel, maadamu DeviceWipeSentTime (saa amri ilipopelekwa kwa simu) bado iko tupu, yaani simu haijapiga hodi. Mwambie mwenye simu aiweke hali ya ndege mara moja, ufute amri, uhakikishe, ndipo awashe mtandao. Kwenye ukurasa wa hawa watengenezaji kitufe cha kutengua hakipo. Seva inakiruhusu, wao wamekiacha. Hapa ndipo nyota nne zangu zinaposhuka hadi mbili.

Mengine ni madogo. Mwongozo wao unashauri msimamizi wa mifumo awe wa kwanza kujaribu, na huyo ndiye anayekwama, kwa kuwa akaunti iliyo kwenye makundi yanayolindwa ya Active Directory (saraka ya Microsoft ya akaunti za ofisi) hairithi ruhusa na ActiveSync inashindwa kuandika kifaa chake. Utaona tukio 1053 kwenye kumbukumbu. Ukirudisha urithi kwa mkono, mfumo unauondoa tena ndani ya saa moja. Dawa ni msimamizi kuwa na akaunti mbili, moja ya kazi za seva na nyingine ya barua. Barua zikichelewa na betri ikiisha haraka, tazama tukio 3033: fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) inakata miunganisho iliyokaa kimya. Uipe muda wa dakika 30 kwenye njia ya ActiveSync.

Sasa, haki yake niipe. Ndani ya kontena kazi yao ni safi. PIN inadaiwa kwa kontena tu, simu inabaki na mtindo wa kufungua autakao mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu wafanyakazi waliikubali bila ugomvi. Mtoto akichezea simu na kukosea PIN mara nyingi, kinachofutika ni kontena, ambalo hujaa tena kutoka kwenye seva. Hilo limefanyiwa kazi na watu wanaojua. Kwa hiyo labda nyota tatu.

Lakini tatu si haki kwa yule mhasibu. Kama mna fedha za mfumo wa kusimamia simu, wasifu wa kazini wa Android, ulioanza na toleo la 5.0, unafanya utengano huu ndani ya mfumo wenyewe wa simu, na kuufuta hakugusi upande wa mwenye simu. Google waliinunua Divide, kampuni iliyokuwa ikitengeneza kontena la namna hii, mwaka 2014, na tangu hapo kazi hii imekuwa ikihamia ndani ya simu yenyewe. Shida ni kwamba seva ya barua peke yake haitoshi kuuendesha, na ndiyo maana ofisi kama yetu bado zinategemea programu hizi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Picha za mtu zikifutwa kwa amri iliyotoka kwenye seva ya ofisi, swali la kwanza litamjia mwajiri, na huyo mtaalamu wa watengenezaji anayekatisha watu maneno hatakuwepo kulijibu.

Basi mbili. Tumewaandikia madai matatu: amri iende kwa DeviceID ya kontena peke yake, orodha ya vifaa ionyeshwe kabla ya kuthibitisha, na kitufe cha kutengua kiwepo. Yasipotimizwa kabla ya mkataba kwisha, hatusaini mwingine.