Ubingwa wa Dunia wa Kalingi kwa Vijana wa Kiume: Tiketi Yake Ina Thamani Gani?

Anayetaka kuielewa kalingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, asianzie kwa wakubwa. Wakubwa hukosea kwa sentimita chache, na jicho geni haliambulii kitu. Vijana chini ya miaka 21 hukosea kwa mita nzima, tena mara nyingi kwa sababu ileile: nguvu imezidi. Kosa kama hilo unaliona hata ukiwa safu ya nyuma kabisa.

Mashindano haya yalianza Toronto mwaka 1975 yakiwa ya wanaume peke yao. Wanawake waliongezwa 1988. Timu ni 10, kila moja hukutana na nyingine zote, yaani mechi 9 kabla ya nusu fainali. Za mkiani hushushwa daraja la B, kwa hiyo mechi za timu dhaifu mwishoni mwa wiki zina joto lake.

Ukishanunua tiketi, ingia mapema. Kabla ya mechi kila timu hurusha mawe mawili kuelekea kitovu cha nyumba, zile duara zilizochorwa barafuni. La kwanza huzungushwa kufuata mwendo wa saa, la pili kinyume chake, na warushaji huwa tofauti. Umbali wa kila jiwe kutoka kitovuni hupimwa, kisha hujumlishwa. Jiwe lisiloingia nyumbani huandikiwa sentimita 199.6. Timu yenye jumla ndogo ndiyo huchagua, na kwa kawaida hujichukulia jiwe la mwisho la raundi ya kwanza, ambalo ni faida kubwa. Watazamaji wengi muda huo wako kwenye foleni ya kahawa. Wanapitwa, maana vipimo hivi hutunzwa wiki nzima: timu zikilingana kwa ushindi na mechi waliyokutana isipowatenganisha, wastani wake ndio huamua.

Kifaa cha kubeba ni kimoja tu, saa ya kupimia sekunde, na ya simu inatosha. Ianzishe jiwe linapovuka mstari wa kuachilia, isimamishe likivuka mstari kama huo upande wa pili. Hapo ni karibu mita 22. Kwenye barafu nzuri, jiwe la kutua nyumbani hutumia sekunde 14 hadi 15; la kugonga jiwe jingine huenda chini sana ya hapo. Sekunde zikiongezeka, usidhani barafu imekuwa nzito. Ni kinyume: imekuwa nyepesi, yaani inateleza zaidi, ndiyo maana mrushaji amelisukuma jiwe polepole zaidi na bado limefika.

Wepesi huo hubadilika mechi ikiendelea. Barafu ya kalingi si ile laini ya hoki. Fundi huinyunyizia matone ya maji yanayoganda yakawa vipele, na jiwe huteleza juu ya ncha zake. Njia inayopitiwa sana husagika na kuwa nyepesi, huku pembeni kukibaki kuzito. Watu wakijaa ukumbini, unyevunyevu wao huweza kuleta jalidi nyeupe juu ya barafu na kupunguza mwendo. Timu inayorusha fainali kama ilivyorusha Jumatatu asubuhi itaumbuka.

Hapo ndipo wavulana hawa hunasa. Jiwe lina uzito wa kati ya kilo 17.24 na 19.96, na wafagiaji wenye misuli, wachezaji wanaosugua barafu mbele ya jiwe kwa ufagio, huweza kulisogeza mita mbili tatu zaidi kwa kuipasha barafu moto kwa msuguano. Lililopungukiwa nguvu huokolewa. Lililozidi halina dawa, kwa kuwa kufagia hakupunguzi mwendo. Nahodha mwerevu huomba jiwe lirushwe kwa nguvu ndogo na kuwaachia wafagiaji kazi. Nahodha mwenye papara huita kugonga kila kitu. Kanuni ya mawe matano humbana huyu wa pili: kabla ya jiwe la sita la raundi, haruhusiwi kuliondoa mchezoni jiwe la kinga la mpinzani lililo mbele ya nyumba. Akiliondoa, linarudishwa mahali pake na la kwake linatolewa.

Tazama pia taa za kwenye mpini wa jiwe, kama zipo. Kijani, mkono uliachia kabla ya mstari. Nyekundu, umechelewa na jiwe halihesabiwi. Kihisi hutaka mkono mtupu, kwa hiyo glavu ya mkono wa kurushia huvuliwa.

Kiti bora ni cha nyuma ya nyumba, juu kidogo: kutoka hapo unaona jiwe linavyopinda. Vya pembeni vinafaa kupima mwendo tu. Vaa koti zito na soksi nene, kwa kuwa barafu hukaa karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, na mechi ya raundi 10, ambayo kila timu hupewa dakika 38 za kufikiri, si ya kumaliza haraka.

Matangazo ya mtandaoni ndiyo udhaifu. Mechi kadhaa huchezwa kwa pamoja, lakini kwa kawaida kamera kamili hufuata moja, na watangazaji huongea kana kwamba kila mtu alizaliwa Scotland, chimbuko la mchezo huu. Kwa marudio, tafuta mechi za timu ya Tyler Tardi wa Kanada, bingwa wa Aberdeen 2018 na wa Liverpool, Nova Scotia, 2019. Zima sauti, washa saa.